Maiki ya gitaa la baba mdogo: shajara ya mradi, Tabora

Julai

Mradi ni mdogo na una mwisho wake: kurekodi gitaa la baba mdogo kabla mvua hazijaanza. Si bendi, si ngoma za kompyuta, hakuna mtu wa kuimba juu yake. Gitaa kavu moja, mpigaji mmoja, chumbani kwake hapa Isevya. Ujanani alipiga ridhimu kwenye bendi ndogondogo za mji huu, zile zilizokuwa zikijitutumua kuzifikia Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na hakuwahi kurekodiwa hata wimbo mmoja. Enzi hizo ukitaka kurekodi unapanda treni mpaka Dar, Radio Tanzania, na bendi isiyo na jina haikuwa na hiyo nauli.

Kuhusu mvua, mwenye nyumba ya bati ananielewa. Ikishaanza Novemba, kazi yoyote ya maiki chumbani inasimama mpaka inyamaze. Kwa hiyo nina Agosti, Septemba na Oktoba, basi.

Vilivyopo: laptopu ya kazini ambayo naruhusiwa kurudi nayo nyumbani, programu ya kurekodi ya Audacity ambayo ni ya bure, na saundi kadi (kifaa cha kuingizia sauti ya maiki kwenye kompyuta) ya Behringer UM2 niliyoirithi kwa rafiki aliyehamia Mwanza. UM2 ni kidude kidogo, kinapata umeme kwenye USB, kina tundu moja la maiki ya XLR (ile plagi ya duara yenye pini tatu), tundu moja la gitaa la umeme, na kitufe cha kutoa umeme wa V 48 kwa maiki za kondensa, zile zisizofanya kazi bila kulishwa umeme. Inarekodi kwa biti 16. Vijana wa studio wanaicheka kwa hilo, lakini biti 16 ni kama desibeli 96 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Chumba cha baba mdogo hakina hata nusu ya hizo.

Bajeti ya maiki, stendi na waya kwa pamoja: laki tatu.

Agosti, mwanzoni

Kila niliyemuuliza alinitajia jina la maiki papo hapo. Hakuna aliyeniuliza chumba kikoje, gitaa lina nyuzi gani, au tutarekodi saa ngapi. Nikaona nianze na nyumba yenyewe.

Niliacha simu ikirekodi mezani kwa baba mdogo tangu asubuhi hadi usiku, pamoja na programu ya kupima kelele. Vipimo vya simu si vya kuapia, lakini vinatosha kulinganisha saa na saa. Mchana kuna mashine ya kusaga mtaa wa nyuma, bodaboda, kuku, na redio ya jirani. Saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku kuna jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani kabisa: bati. Likishapigwa na jua la kutwa, likianza kupoa linajikunja na kualika, *tak, tak-tak*, bila mpangilio, na kila mwaliko unasikika waziwazi kwenye rekodi. Kisha adhana ya Isha, kisha watoto wanaitwa ndani, kisha utulivu. Treni zina utaratibu wake. Tabora ni njia panda ya reli ya Kigoma na Mwanza, na honi ya kichwa cha treni haiombi ruhusa.

Muda mzuri ni saa tatu usiku hadi saa sita. Pangaboi limezimwa, friji limechomolewa, simu ilisoma karibu na desibeli 35. Mchana ilikuwa inavuka 55.

Hapo ndipo namba za maiki zilipoanza kunisaidia. Kila maiki ya kondensa ina kelele yake ya ndani, na watengenezaji huiandika kwenye karatasi ya vipimo. Audio-Technica AT2020, ambayo watu wengi huianzia, imeandikiwa desibeli 20. Rode NT1-A imeandikiwa 5, na kwa sifa hiyo unalipa zaidi. Ukisoma karatasi peke yake, NT1-A inashinda bila ubishi. Lakini chumba changu kwenye saa yake bora kabisa kina 35. Ukijumlisha kelele ya 20 juu ya kelele ya 35, ongezeko halifiki hata nusu desibeli. Hakuna sikio litakaloligundua. Ukimya wa NT1-A ungemezwa na jogoo wa jirani anayeota usiku, halafu mimi ningekuwa sina hela ya stendi.

Nimeandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari: usinunue maiki tulivu kuliko nyumba. Anayerekodi kwenye chumba kilichozibwa vizuri ana hesabu yake nyingine.

Agosti, katikati

Simu kwanza, kwa sababu ni ya bure. Niliiweka juu ya kiti mbele ya gitaa, baba mdogo akapiga kipande anachokipenda, cha polepole, dole gumba likitembea kwenye besi na vidole viwili juu. Sauti si mbaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba simu inajipandisha sauti yenyewe. Anapopiga kwa nguvu inashuka, anapoacha noti ining'inie na kufifia, simu inaona kimya imeingia na kuanza kukivuta chumba: mbu, bati, pumzi zake. Kila mwisho wa kipande unasikia chumba kinapanda kama kimealikwa. Kwa ujumbe wa sauti ni sawa. Kwa gitaa, ambalo nusu ya uzuri wake uko kwenye noti inayokufa taratibu, hapana.

Kisha nikaazima BM-800 kwa kijana mmoja wa Ng'ambo anayerekodi singeli na kaswida kwenye chumba kimoja. Maiki hii iko kila mahali, kwa sababu bei yake ni ndogo na boksi lake limeandikwa studio kwa herufi kubwa. Jambo la kujua ni kwamba BM-800 si maiki moja. Viwanda vingi vinaitoa kwa jina hilohilo na umbo hilohilo, kwa hiyo niliyoazima mimi na utakayoikuta wewe dukani zinaweza kutofautiana tumboni. Ndani ya boksi mna waya wenye XLR upande mmoja na pini ndogo ya hedifoni upande wa pili. Ukiuchomeka moja kwa moja kwenye laptopu, maiki inapata volti chache tu, sauti inatoka nyembamba, na nyuma yake kuna *shshsh* isiyokoma. Nilipoweka waya wa XLR halisi na kuwasha V 48 kwenye UM2, ikawa kama maiki nyingine. Bado juu ni kali, kucha za baba mdogo zinasikika kuliko nyuzi, lakini mtu akikuambia BM-800 ni takataka, muulize kwanza aliichomeka wapi.

Hizo V 48 zilituletea kikao. Baba mdogo alisikia nikitaja volti akaweka gitaa chini.

"Mwanangu, hicho kitu hakitanipiga shoti? Mimi nina vidole vya kupigia, si vya kuunguza."

Sikutaka kumjibu kwa maneno. Tukaenda kwa fundi redio jirani na soko kuu, akachukua mita yake, akagusa pini ya kwanza na ya pili ya waya: 47 na ushee. Pini ya kwanza na ya tatu: vilevile. Pini ya pili na ya tatu: sifuri. Fundi akamwelekeza mzee kwa utulivu kuliko ambavyo ningeweza mimi: njiani mna rezista za karibu kiloomu 6.8 kila upande, kwa hiyo umeme unaopita ni kidogo mno. Na kwa kuwa pini zote mbili zina volti sawa, hata maiki ya kawaida isiyohitaji umeme huo haidhuriki, mradi waya ni mzima. Baba mdogo akauliza kama mita inauzwa.

Septemba

Mwezi wa ubishi. Karibu kila mtu wa kanisani na kwenye kumbi aliniambia jambo moja: kama nyumba ina kelele, achana na kondensa, chukua dainamiki (maiki isiyohitaji zile V 48) kama Shure SM58 au SM57, "hizo hazisikii ya mbali." Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya mmoja, shikamoo nyingi, akaniazima SM58 mbili.

Kabla ya kurekodi, mizani. SM58 bandia zimejaa madukani, na Shure wenyewe wanaandika kwamba maiki hiyo ina gramu 298. Jirani yetu anauza asali kwa rejareja na ana mizani ya kidijitali ya kupimia vichupa vidogo. Alipangusa sahani yake kwa kitambaa chenye maji ya moto, nikaweka maiki ya kwanza: 297. Ya pili: 241. Nikazigeuza, nikapima tena, vilevile. Uzito pekee haukuthibitishii kwamba maiki ni halali, kwa sababu wanaoghushi nao wana mizani. Lakini iliyopungua gramu zaidi ya 50 haina cha kujitetea. Mwalimu wa kwaya alipoambiwa hakusema neno. Aliiweka ile nzito kwenye mfuko wake wa shati, nikalazimika kumkumbusha kwamba bado nimeiazima.

Sasa jaribio lenyewe. Nilibandika utepe sakafuni pa kuweka mguu wa kiti na pa kuweka stendi, maiki ikawa sentimita 25 kutoka kwenye gitaa. Nikachagua kwa makusudi saa tisa mchana, mashine ya kusaga ikiunguruma. Baba mdogo akapiga kipande kilekile, mara kwa SM58, mara kwa BM-800. Kwenye Audacity nikapandisha rekodi ya SM58 mpaka gitaa likalingana kwa sauti na lile la BM-800, kisha nikasikiliza tu mapengo, pale anapohamisha vidole kwenye nyuzi.

Mashine ya kusaga ilikuwa ileile. Kwa masikio yangu, na kwa masikio ya mama mdogo niliyemwita bila kumwambia ipi ni ipi, hakuna iliyoificha kuliko mwenzake.

Nikilifikiria sasa, sioni kwa nini ingekuwa vinginevyo. Utando wa maiki, ngozi nyembamba inayotikiswa na sauti, haujui kama sauti imetoka gitaani au mtaa wa nyuma. Kinachoamua ni umbali na uelekeo. Mwimbaji wa kwaya anaila SM58 mdomoni, sentimita tatu, sauti yake inafika kubwa sana, geini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki) inashushwa, na kelele ya ukumbi inashuka pamoja nayo. Mkopeshe kondensa aile vilevile uone. Kwenye gitaa hakuna anayeweza kubandika maiki hivyo. Ukisogea mno unapata besi iliyovimba na mkono unaogonga stendi. Ila kusogea kutoka sentimita 50 hadi 25 gitaa linapanda kwa takriban desibeli 6, na mashine ya kusaga inabaki pale ilipokuwa. Hizo desibeli 6 ni za bure, maiki yoyote.

Tofauti niliyoisikia ilikuwa mbili. SM58 ilificha shomoro wa dirishani, kwa sababu juu kabisa sauti yake inashuka, karatasi yake inaishia kHz 15. Lakini ilificha na ule mng'ao wa nyuzi mpya pia. Na ilileta *shshsh* yake, ambayo haikutoka kwenye maiki, ilitoka kwenye UM2. SM58 inatoa umeme kidogo: kwenye karatasi ni dBV −54.5, wakati AT2020 ni −37. Hapo kuna pengo la desibeli zaidi ya 17 ambalo saundi kadi lazima ilizibe kwa geini. Kwa mwimbaji anayepaza sauti haina shida. Kwa mzee anayepapasa nyuzi saa nne usiku, kitufe cha geini kiliishia karibu na mwisho, na UM2 ikaanza kuimba yenyewe.

Kwa hiyo nimeifuta dainamiki kwenye orodha, si kwa ubaya wake. Mwenye SM57 halali na saundi kadi yenye geini ya kutosha na safi anaweza kurekodi gitaa vizuri tu. Maiki hiyo iko sokoni tangu 1965 na imepita mbele ya magitaa mengi. Ila kwa UM2 na kidole cha baba mdogo, kondensa.

Faida moja ya kudumu niliyoipata kwenye jaribio hili haikuhusu aina ya maiki. Hizi zote ni kadioidi, yaani maiki zinazosikia zaidi mbele, na kadioidi huwa nzito wa kusikia mgongoni kwake kabisa. Nilimgeuza baba mdogo na kiti chake mpaka mgongo wa maiki ukatazama dirisha la upande wa mashine. Mngurumo ulishuka kwa kiasi ambacho hata mwanangu wa darasa la tatu alikitambua.

Septemba, mwishoni

Uamuzi. Nilibaki na njia tatu.

Ya kwanza, maiki ya USB, zile za Maono na Fifine ambazo watangazaji wa YouTube wanazipenda. Unachomeka, unarekodi, huhitaji saundi kadi. Lakini saundi kadi ninayo tayari, na maiki ya USB ikishakuchosha huwezi kuihamishia kwenye kifaa bora zaidi. Niliivuka haraka.

Ya pili, AT2020. Kwa miaka mingi bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 99, yaani kama laki mbili na nusu kabla ya usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. Maiki nzuri, haina makeke. Haina swichi ya kukata besi wala ya kupunguza sauti. Ingemaliza bajeti yote na kuniacha nikifunga maiki kwenye fagio.

Ya tatu, Behringer C-2. Hizi zinauzwa jozi, kondensa ndogo nyembamba zenye umbo la kalamu nene, pamoja na kipande cha kuzishika mbili kwenye stendi moja. Kelele yake ya ndani iko karibu na ile ya AT2020, na tayari nilishajua kwamba chini ya hapo nyumba yangu haioni tofauti. Ina swichi ya kukata besi na ya kupunguza desibeli 10. Na jozi nzima inagharimu chini ya AT2020 moja.

Kilichonisukuma zaidi ni baba mdogo mwenyewe. Akipiga anayumba. Akiingia kwenye kipande kitamu anaegemea kushoto, gitaa linahama kwa upana wa kiganja. Maiki yenye utando mdogo kwa kawaida inabadilika kidogo tu sauti ikija kwa pembeni. Ile yenye utando mkubwa inabadilika zaidi. Kumwambia mzee atulie ilikuwa haiwezekani na isingekuwa adabu.

Ubaya wa mpango: UM2 ina tundu moja la XLR, kwa hiyo jozi siwezi kuitumia kwa pamoja. Nitarekodi na moja, ya pili inakaa kwenye sanduku. Wanaosema stirio ndiyo gitaa wana hoja, ila gitaa moja la kukaa katikati, kwa mono, linasikilizika vizuri, na sitakuwa na tabu ya maiki mbili kupishana na kufutana sauti.

Shemeji yangu yuko Dar. Alienda Kariakoo, dukani akanipigia video, nikamwomba awashe zote mbili kwa zamu na kukuna kucha mbele ya kila moja kwa umbali sawa. Ziliposikika sawa, akalipa. Nikaongeza stendi yenye mkono wa kukunja na waya wa XLR wa mita tano. Mzigo ukapanda basi.

Oktoba

Umefika salama, povu lote liko mahali pake. Joto la Tabora mwezi huu mnalijua. Pangaboi limezimwa, madirisha yamefungwa, godoro moja limesimamishwa ukutani nyuma ya mpigaji, lingine mbele yake, kabati la mninga limeachwa wazi ili nguo zinywe mwangwi. Kabla ya magodoro, ukipiga kofi moja chumba kilijibu kwa mlio wa kurudiarudia kati ya kuta mbili za saruji. Baada ya magodoro, kofi linakufa palepale. Na sisi tulikuwa tunakufa kwa jasho. Taulo begani kwa baba mdogo, maji kwenye jagi, kipande kimoja kisha mlango unafunguliwa.

Mahali pa kuweka maiki ndipo palipokula jioni nyingi kuliko kuchagua maiki yenyewe.

Mtu yeyote mara ya kwanza anaelekeza maiki kwenye tundu la gitaa, maana inaonekana sauti inatokea humo. Tundu lile linafanya kazi kama mdomo wa chupa ukiupuliza: hewa ya ndani ina mvumo wake, kwenye magitaa mengi uko karibu na Hz 100. Sasa noti ya G kwenye uzi mnene, freti (kijiti cha chuma shingoni) ya tatu, ni Hz 98. Kila baba mdogo alipoigusa hiyo G, rekodi ilivimba na noti nyingine zote zikaonekana zimerudi nyuma. Alidhani amekosea kupiga. Akarudia kwa dole gumba jepesi zaidi, na bado ikavimba.

Tukahamisha maiki kuelekea freti ya 12, pale shingo inapokutana na mwili au karibu yake, umbali wa sentimita 25, uso wa maiki ukiinamishwa kidogo kuelekea mwili lakini si tunduni. G ikarudi kwenye mstari. Nikawasha swichi ya kukata besi, miguu yake sakafuni ikapungua, kwa sababu mzee anapiga mdundo kwa kisigino cha ndala. Kilichobaki cha kisigino kilikuwa kinapanda kwa stendi yenyewe, nikakunja blanketi chini ya miguu ya stendi, kikaisha.

Tulijaribu pia upande wa daraja, nyuma ya mkono wa kulia. Huko sauti ni ya mbao zaidi, kavu, inanikumbusha rekodi za zamani. Baba mdogo aliikataa: "Hapo nasikika kama nimefungiwa kabatini." Sikubishana, gitaa ni lake.

Mambo madogo ambayo hayamo kwenye karatasi ya vipimo: shati lenye vifungo linagonga mgongo wa gitaa, kwa hiyo anavaa fulana. Saa ya mkononi imevuliwa. Pumzi zake ni nzito anapoingia sehemu ngumu, kwa hiyo maiki imeshushwa kidogo chini ya usawa wa gitaa, ikitazama juu, mbali na pua. Geini: naiweka ili kilele cha sauti kisivuke dB −10 kwenye Audacity, akipiga kwa nguvu zake zote, si anapojaribu. Mtu akiombwa kujaribu sauti hupiga kwa adabu. Wimbo ukianza adabu inaisha.

Na chaja ya laptopu. Ikiwa imechomekwa, kuna mvumo wa chini wa Hz 50 pamoja na wenzake wa juu. Nikiichomoa, unatoweka. Tunarekodi kwa betri.

Oktoba, mwishoni

Kazi inakwenda. Nyuzi mpya za chuma, seti nyepesi, zimekaa siku kadhaa kabla ya kurekodi ili zisiwe zinalegea kila baada ya kipande. Kati ya fedha zilizobaki, hizi nyuzi ndizo zilizobadilisha sauti kuliko kitu kingine chochote nilichokinunua mwaka huu, na sioni aibu kuliandika hilo kwenye shajara ya maiki.

Usiku mmoja alipiga kile kipande cha polepole vizuri kuliko nilivyowahi kukisikia. Noti ya mwisho ikaachwa, ikining'inia, nami nimezuia pumzi. Embe changa likadondoka juu ya bati. C-2 ilitenda haki: mlio wote umo, kuanzia kugonga hadi kubingirika hadi kuanguka kwenye ndoo. Nilijaribu kulikata kwenye Audacity, haiwezekani bila kukata na mkia wa noti. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa, kisha akakataa kabisa kurudia. Anataka libaki. Mama mdogo anataka mwembe ukatwe tawi hilo. Suala liko mezani kwa wazee.

Nimelinganisha pia, kwa udadisi tu, C-2 na BM-800 ya yule kijana, mahali palepale, chumba kikiwa tayari na magodoro, gitaa na nyuzi mpya. Pengo ni dogo kuliko nilivyotarajia. C-2 ni laini zaidi juu, kucha zimetulia, na sauti haibadiliki sana anapoyumba. Ningezinunua tena. Lakini kijana wa Ng'ambo alisikiliza zote mbili kwenye hedifoni yake, akavua, akaenda moja kwa moja kuangalia magodoro.

Novemba, mwanzoni

Mawingu yameanza kujikusanya upande wa mashariki. Vipande vingi vimeshaingia; vilivyobaki ni vile vya mwendo wa kasi, ambavyo baba mdogo anasema vinahitaji vidole vya asubuhi, nami nina saa za usiku tu. Tumekubaliana Jumapili alfajiri, baada ya swala, kabla ya mashine na bodaboda. Jogoo atalala kwa mama mkubwa Jumamosi hiyo.

Kila faili ni WAV, yaani sauti isiyobanwa, limeandikwa jina la kipande na umbali wa maiki, na lina nakala kwenye flashi mbili, moja kwangu, moja kwa shemeji Dar. Maiki zinakaa kwenye sanduku lake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu, kwa sababu masika ya huku hayana huruma na kondensa.

Ya kiangazi kijacho: saundi kadi yenye tundu mbili za XLR, kama UMC202HD, ili C-2 ya pili nayo ipate kazi. Mpaka hapo, mwalimu wa kwaya ameshaiomba kwa ajili ya kurekodi sauti za kina mama. Nimemwambia aje kwanza na mikisa yao tuione kama inatoa V 48, na aje na ile maiki ya gramu 241 pia, fundi redio anataka kuifungua.